Gharama za Kubadili Jinsia Kwenye Ritani ya Marekani: Mwongozo Kamili wa Makato ya Matibabu

Kila msimu wa ritani, yaani fomu za kodi ya mapato ya mwaka, swali linarudi lile lile: "Nimelipia upasuaji kwa fedha yangu, nimetunza kila risiti, mbona kodi haijashuka hata senti?" Mara nyingi anayeuliza ana haki yake. Kodi ya Marekani inatambua homoni, upasuaji na tiba ya kisaikolojia ya mtu anayebadili jinsia kuwa matibabu, kama inavyotambua matibabu mengine. Kinachowaangusha watu ni kalenda na karatasi. Malipo yametawanyika miaka miwili, au daktari ameandika neno lisilofaa, au mtu amekimbilia Schedule A, fomu ya kuorodhesha makato, na kuisahau akaunti ya matibabu inayotolewa kazini kwake.

Mwongozo huu ni wa watu wazima wanaoishi Marekani na kujaza kodi ya serikali kuu. Viwango vyote ni vya mwaka wa kodi 2025, ambao ritani yake mwisho ni tarehe 15 Aprili 2026. Ukijaza ya mwaka mwingine, badilisha namba. Hatua ni zile zile.

## Weka haya mezani kwanza

- Barua ya utambuzi wa ugonjwa kutoka kwa mtaalamu mwenye leseni, inayotaja disforia ya jinsia, yaani dhiki ya mtu ambaye jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa haioani na anavyojitambua. Kwenye ankara, msimbo wake huanza na F64.
- Barua za rufaa kwenda kwa daktari wa homoni au wa upasuaji.
- Ankara zenye mchanganuo: tarehe, jina la huduma, bei ya kila huduma. Risiti inayosema "jumla $9,000" tu haitoshi.
- Taarifa za benki au kadi zinazoonyesha siku fedha ilipotoka.
- Taarifa za kampuni ya bima kuhusu walicholipa na walichokataa, pamoja na barua ya kukataa kama ipo.
- W-2 (taarifa ya mwajiri ya mshahara na kodi iliyokatwa), riba ya mkopo wa nyumba (Fomu 1098), kodi ya jimbo uliyolipa, na sadaka au michango ya hisani yenye risiti.
- Kumbukumbu ya safari za matibabu: tarehe, mahali, maili.
- Hati ya mahakama ya kubadili jina, ikiwa umebadili.

Karatasi hizi hazitumwi pamoja na ritani, isipokuwa W-2 ukituma ritani ya karatasi. Zinakaa kwako, na utazihitaji siku IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, itakapokuandikia barua. Zitunze angalau miaka mitatu baada ya kuwasilisha.

## Hatua ya 1: Hakikisha fomu yako ina nafasi ya matibabu

Hatua hii ni fupi, lakini ndiyo inayowakwamisha wengi waliotoka Afrika Mashariki kwenda kusoma.

Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 au J-1 kwa kawaida huhesabiwa si mkazi wa kodi katika miaka mitano ya kalenda ya mwanzo. Yeye hujaza Fomu 1040-NR, na Schedule A ya fomu hiyo haina mstari wa matibabu. Hata ukilipa $30,000 za upasuaji, hakuna pa kuziandika.

Tahadhari: programu nyingi za kujaza kodi hukupeleka kwenye Fomu 1040 ya kawaida bila kuuliza habari za viza. Kuipata fomu hiyo kwenye skrini si ruhusa ya kuitumia. Ukijaza kama mkazi na hali si mkazi, unaharibu ritani nzima, na inaweza kukurudia siku ya kuomba kadi ya kijani.

Kama upasuaji unaweza kusubiri na bado mwaka mmoja tu uingie kwenye ukazi wa kodi, hesabu kama kusubiri kuna faida. Afya hutangulia, bila shaka, lakini tarehe ya malipo ni jambo la kulijua mapema.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya vizingiti viwili

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa hiyo twende polepole.

Kizingiti cha kwanza: gharama za matibabu huanza kuhesabiwa zikishavuka asilimia 7.5 ya mapato yako ghafi yaliyorekebishwa, yaani mapato yote ukitoa marekebisho machache yanayoruhusiwa kabla ya makato mengine. Zilizo chini ya hapo zinapotea.

Kizingiti cha pili: kila mlipakodi ana makato ya kawaida anayopewa bila kuuliza. Kwa mwaka 2025 ni $15,750 kwa asiye na ndoa, $23,625 kwa mkuu wa kaya (asiye na ndoa anayetunza tegemezi), na $31,500 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Ukiamua kuorodhesha makato kwenye Schedule A, unayaacha hayo. Kwa hiyo orodha yako yote (matibabu, kodi ya jimbo, riba ya nyumba, michango) lazima iyazidi, la sivyo umejichosha bure.

Chukua mfano wa mtu asiye na ndoa, mapato yake $48,000, kodi ya jimbo aliyolipa $2,100, hana mkopo wa nyumba. Amelipa $24,000 za upasuaji na homoni ndani ya mwaka 2025.

- Asilimia 7.5 ya $48,000 ni $3,600.
- $24,000 toa $3,600 ni $20,400.
- Ongeza kodi ya jimbo: $22,500.
- Toa makato ya kawaida: $22,500 toa $15,750, inabaki $6,750.

Hiyo $6,750 ndiyo faida halisi ya kuorodhesha. Mtu huyu yuko kwenye ngazi ya asilimia 12, kwa hiyo kodi yake inashuka kwa $810.

Ndiyo, $810 kwa matibabu ya $24,000. Watu hutarajia kurudishiwa fedha ya upasuaji. Makato hayarudishi gharama. Yanapunguza mapato yanayotozwa kodi, basi. Jua hivyo mapema ili usikope ukitegemea marejesho yasiyokuja.

Sasa mchukue mtu huyo huyo, alipe $12,000 mwezi Novemba 2025 na $12,000 nyingine Februari 2026. Kwa mwaka 2025: $12,000 toa $3,600 ni $8,400, ongeza $2,100, jumla $10,500. Haifiki $15,750. Mwaka 2026 makato ya kawaida yamepanda hadi $16,100, na hesabu inaanguka tena. Gharama ni zile zile, hospitali ile ile, na hapati hata senti.

Umeimaliza hatua hii ukiwa na namba mbili kwenye karatasi: kiasi cha matibabu unachopaswa kukivuka, na jumla ya orodha inayotakiwa kuzidi makato ya kawaida. Kama huwezi kuvifikia hata kwa kunyoosha mkono, Schedule A si yako mwaka huu. Nenda moja kwa moja hatua ya 3.

## Hatua ya 3: Tumia akaunti ya mwajiri kabla ya Schedule A

Kama mwajiri wako ana akaunti ya matumizi ya afya, yaani FSA, anza nayo. Kwa mwaka 2025 unaweza kuweka hadi $3,300 kutoka kwenye mshahara kabla ya kodi. Hakuna kizingiti cha asilimia 7.5, hakuna kuorodhesha. Juu ya kodi ya mapato, fedha hiyo pia haikatwi asilimia 7.65 ya Hifadhi ya Jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee).

Rudi kwa mtu wetu wa $48,000. Akiweka $3,300 kwenye FSA anaokoa asilimia 12 na asilimia 7.65, takriban $648. Linganisha na $810 aliyoipata kwa kuorodhesha $24,000 nzima. Akitumia zote mbili, FSA kwa $3,300 za kwanza na Schedule A kwa $20,700 zinazobaki, akiba yake inakaribia $1,090.

FSA ina jambo jingine zuri ambalo wengi hawalijui: kiasi chote ulichoahidi kwa mwaka kinapatikana siku ya kwanza ya mpango, hata kabla hujakatwa kwenye mshahara. Upasuaji wa Januari unaweza kulipiwa kwa fedha itakayokatwa hadi Desemba.

Ubaya wake ni kwamba fedha isiyotumika hupotea. Baadhi ya waajiri huruhusu kuvusha kiasi kidogo, kisichozidi $660 kutoka mwaka 2025 kwenda 2026. Na unajiandikisha katika dirisha la mwisho wa mwaka, wakati wa kuchagua bima. Ukilikosa, unasubiri mwaka mwingine isipokuwa maisha yako yamebadilika kwa namna inayotambulika, mfano ndoa au mtoto.

Mwenye bima ya afya inayomtaka alipe kwanza kiasi kikubwa mfukoni mwake anaweza kuwa na HSA, yaani akaunti ya akiba ya afya, badala yake: $4,300 kwa mtu mmoja au $8,550 kwa familia mwaka 2025. HSA haiishi muda. Unaweza kulipa leo kwa fedha nyingine, ukatunza risiti, na kujirudishia miaka mitatu baadaye, mradi gharama ilitokea baada ya akaunti kufunguliwa. Ukitumia fedha hiyo kwa jambo lisilo la matibabu, unatozwa kodi ya mapato pamoja na adhabu ya asilimia 20.

Tahadhari: senti iliyolipwa na FSA, HSA au bima haiingii tena Schedule A. Ukiihesabu mara mbili, ukaguzi utaiona mara moja.

## Hatua ya 4: Fanya malipo yaangukie mwaka mmoja

IRS haiangalii ulipasuliwa lini. Inaangalia ulilipa lini. Hundi huhesabiwa siku uliyoituma kwa posta. Kadi ya mkopo huhesabiwa siku ilipotozwa, hata kama utailipa benki kwa miaka miwili. Huu ndio upenyo wa halali kwa asiye na fedha zote mkononi: tozo la tarehe 30 Desemba ni la mwaka huo. Ila angalia riba. Riba ya kadi haikatwi, na kwa akiba ya $810 unaweza kuila faida yote kwa miezi michache.

Mpango wa kulipa hospitali kidogo kidogo ni tofauti. Kila awamu huhesabiwa katika mwaka iliyolipwa. Ndiyo maana mpango wa miezi 24, unaosikika kama huruma, mara nyingi huua makato kabisa.

Kwa hiyo, mwaka wa upasuaji ukishajulikana, sogeza na mengine humo: meno, miwani, vipimo, madeni ya hospitali ya zamani. Vyote ni matibabu, na ukishavuka asilimia 7.5 kila dola ya ziada inahesabika.

Tahadhari: kulipia mapema huduma ambayo utaipata mbali baada ya mwaka kuisha kwa kawaida hakukubaliki. Amana ya Desemba kwa upasuaji wa Oktoba mwakani iache nje ya hesabu ya mwaka huu.

## Hatua ya 5: Gawa gharama mafungu matatu

Sheria inakataa upasuaji wa urembo. Maana yake kisheria: utaratibu unaolenga kuboresha mwonekano, ambao hausaidii mwili kufanya kazi yake wala hauzuii au kutibu ugonjwa. Vita yote iko kwenye maneno hayo ya mwisho.

Kesi inayoongoza ni O'Donnabhain dhidi ya Kamishna, iliyoamuliwa na Mahakama ya Kodi ya Marekani Februari 2010. Mlipakodi alitumia $21,741 mwaka 2001 kwa homoni, upasuaji, tiba ya kisaikolojia, safari na malazi. IRS ilikataa ikisema ni urembo. Mahakama ikasema disforia yake ni ugonjwa, na homoni pamoja na upasuaji wa sehemu za siri ni tiba. Mwaka 2011 IRS ikatangaza kuukubali uamuzi huo.

Lakini soma na upande aliposhindwa. Kati ya fedha hizo, $4,500 zilikuwa za kuongeza matiti, nazo zilikataliwa. Mwongozo wa tiba wa wakati ule ulitaka madaktari waandike kwamba matiti yaliyokua kwa homoni hayatoshi kumpa mgonjwa utulivu. Hakuna aliyeandika. Kinyume chake, maelezo ya daktari wa upasuaji yalionyesha mgonjwa tayari ana matiti ya kawaida yenye umbo zuri. Sentensi moja ya sifa kwenye faili iligharimu $4,500 za makato.

Fungu la kwanza, linalosimama: homoni zilizoandikwa na daktari, vipimo vya damu, miadi ya daktari, tiba ya kisaikolojia, barua za tathmini unazolipia, upasuaji wa sehemu za siri, kulazwa, ganzi. Bima ya afya unayolipa kwa fedha iliyokwisha kukatwa kodi nayo imo; ile inayokatwa kwenye mshahara kabla ya kodi haimo.

Fungu la pili, linalotegemea karatasi: upasuaji wa kifua, wa uso na wa koo, tiba ya sauti, kuondoa nywele. Kuhusu nywele kuwa mwangalifu zaidi, maana Publication 502, kijitabu cha IRS kuhusu gharama za matibabu, inazitaja moja kwa moja katika mifano ya urembo. Nywele zinazoondolewa kwenye eneo la upasuaji kwa agizo la daktari zina hoja nzuri, kwa sababu ni maandalizi ya upasuaji wenyewe. Nywele za uso zinahitaji hoja nzito zaidi.

Fungu la tatu, sahau: nguo, vipodozi, ada ya mahakama ya kubadili jina, pasipoti mpya, ada ya mazoezi. Hata kama vimekupa amani kuliko dawa yoyote, si matibabu kwa macho ya kodi. Dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari nazo haziingii Schedule A, ingawa tangu 2020 unaweza kuzilipia kwa FSA au HSA.

Homoni ulizoagiza kwa posta kutoka nje ya nchi bila cheti ziko fungu hili pia. Testosteroni kwa Marekani ni dawa inayodhibitiwa na sheria, kwa hiyo kuidai bila cheti ni zaidi ya kupoteza makato.

Upasuaji uliofanyiwa ng'ambo, Thailand kwa mfano, unakubalika ikiwa ni halali kule na ni halali Marekani. Dawa ulizonunua na kuzitumia ukiwa kule kwa cheti, vivyo hivyo. Za kurudi nazo kwenye begi kwa kawaida hapana.

## Hatua ya 6: Omba barua ya daktari kabla, usingoje baadaye

Kwa kila kitu cha fungu la pili, omba barua ya ulazima wa kitabibu kabla ya kulipa. Barua iliyoandikwa baada ya IRS kuuliza huonekana kama ilivyo.

Iwe na mambo manne: utambuzi wa disforia ya jinsia; utaratibu unaopendekezwa kwa jina lake; kwa nini mgonjwa huyu anauhitaji, na tiba za awali zimefikia wapi; na kwamba unalenga kutibu ugonjwa.

Daktari akikuandikia "mgonjwa anatamani mwonekano wa kike zaidi", mrudishie kwa adabu. Hujamwomba aseme uongo, umemwomba aandike sababu ya kitabibu aliyokwambia kwa mdomo: kwamba umeshindwa kutoka nyumbani, kwamba dhiki imebaki licha ya homoni za miaka miwili. Omba pia nakala ya maelezo ya kliniki. O'Donnabhain hakuangushwa na ankara, aliangushwa na maelezo ya kliniki.

Ofisi ya malipo nayo ina lake. Uliza msimbo gani umewekwa kwenye ankara. Ankara yenye msimbo wa urembo haioani na barua ya ugonjwa.

Barua iko sawa ikiwa mtu asiyekujua anaweza kuisoma na kueleza ugonjwa ni upi na tiba hii inautibu vipi.

## Hatua ya 7: Hesabu safari

Wengi husafiri jimbo jingine kwa upasuaji, na wengi husahau kudai. Gari lako: senti 21 kwa maili kwa mwaka 2025, pamoja na maegesho na tozo za barabara. Ndege, basi, treni: nauli yote. Malazi yanayohitajika kwa matibabu: hadi $50 kwa usiku kwa mtu, na kama mgonjwa hawezi kusafiri peke yake, mwenziwe naye $50, jumla $100 kwa usiku.

Chakula hotelini hapana. Siku tatu za kutembelea fukwe baada ya kutolewa nyuzi, hapana.

## Hatua ya 8: Angalia nani alilipa, na kwa ajili ya nani

Jamii yetu hulipa kwa michango, na hapa kodi inatuchanganya. Makato ni ya aliyelipa gharama yake mwenyewe, ya mwenzi wake wa ndoa, au ya tegemezi wake. Mama mdogo akilipa hospitali moja kwa moja kwa kadi yake, na wewe si tegemezi wake, yeye hawezi kudai, na wewe utakuwa na maelezo marefu ya kutoa. Njia safi: akupe fedha kama zawadi, iingie akaunti yako, kisha ulipe mwenyewe. Zawadi ya ndugu kwako haihesabiki kuwa mapato.

Mzazi anayemlipia mtoto mtu mzima anaweza kudai ikiwa anamgharamia zaidi ya nusu ya maisha yake. Kwa matibabu, kikomo cha mapato ya tegemezi hakitumiki, kwa hiyo mtoto mwenye kibarua bado anaweza kuhesabika.

Ndugu aliye Mombasa au Dar es Salaam haingii. Tegemezi lazima awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Canada au Meksiko. Fedha uliyomtumia kwa matibabu yake ni wema. Kwenye ritani haina mstari.

Wanandoa: kujaza kila mtu ritani yake hupunguza kizingiti cha asilimia 7.5 kwa mgonjwa, kwa kuwa yanahesabiwa mapato yake peke yake. Ila mmoja akiorodhesha, mwenzake naye lazima aorodheshe, na nafuu nyingine hupotea. Piga hesabu zote mbili kabla ya kuchagua.

## Hatua ya 9: Jaza na uwasilishe

Anza na jina. Jina kwenye ritani lazima lioane na lililoko ofisi ya Hifadhi ya Jamii. Ukibadili jina mahakamani lakini hukuwapelekea Fomu SS-5 ya kubadili jina kwenye kumbukumbu zao, jaza kwa jina la zamani au kamilisha mabadiliko kwanza. Yasipooana, marejesho hukwama. Risiti zenye jina la zamani hazina shida, mradi una hati ya mahakama.

Kisha Schedule A, mistari ya 1 hadi 4: jumla ya matibabu uliyolipa bila kurudishiwa, mapato ghafi yaliyorekebishwa, asilimia 7.5 yake, tofauti. Ni namba tu zinazokwenda IRS. Hakuna pa kuandika ugonjwa, upasuaji wala jina la daktari. Nalisema kwa sababu wapo wanaoacha haki yao wakiogopa kujianika kwa serikali.

Ambaye mara nyingi hatari yake ni kubwa zaidi ni mjazaji wa kodi wa mtaani, yule anayejua watu wote wa msikiti au kanisa na shangazi zako wote. Kisheria, akitoa siri ya ritani yako kwa kujua anatenda kosa la jinai, faini hadi $1,000 na kifungo hadi mwaka mmoja. Kiutendaji, mpe jumla ya matibabu na ubaki na risiti, au mtafute mtu asiyeijua familia. Vituo vya VITA, mpango wa IRS wa watu wanaojitolea, hujaza bure kwa wenye kipato cha kawaida; uliza mapema kama wanashughulikia Schedule A.

Usisahau kodi ya jimbo. New Jersey huruhusu matibabu yanayozidi asilimia 2 tu ya mapato, bila kujali ulichofanya kwenye ritani ya serikali kuu. California inakuruhusu kuorodhesha kwenye ritani ya jimbo hata kama kule juu ulichukua makato ya kawaida. Mtu aliyeshindwa kwenye hatua ya 2 anaweza kufaulu hapa.

Bima ikikurudishia mwaka unaofuata gharama uliyokwisha kuikata, kiasi kilichokupunguzia kodi unakitangaza kama mapato ya mwaka huo mpya. Usirekebishe ritani ya zamani.

## Hatua ya 10: Barua ya IRS ikija

Mara nyingi ni ukaguzi wa kwa posta, wanataka ushahidi wa mstari wa matibabu. Soma tarehe ya mwisho ya kujibu, kwa kawaida siku 30, na ujibu hata kama karatasi hazijatimia.

Tuma nakala, asili zibaki. Panga hivi: ukurasa mmoja wa muhtasari wenye kila gharama, tarehe na kiasi, nyuma yake ankara na uthibitisho wa malipo vikiwa pamoja, mwisho barua za daktari. Kwenye muhtasari taja kesi ya O'Donnabhain, juzuu ya 134 ya ripoti za Mahakama ya Kodi, ukurasa wa 34, na tangazo la IRS la kuikubali, AOD 2011-03. Mkaguzi wa kawaida huenda hajawahi kukutana na kesi hii.

Wakikataa na kukutumia notisi rasmi ya upungufu wa kodi, una siku 90 kufungua shauri Mahakama ya Kodi, ada $60. Mzozo usiozidi $50,000 kwa mwaka unaweza kwenda utaratibu mdogo, rahisi zaidi, ila hauna rufaa. Kabla ya hapo tafuta kliniki ya kodi ya wenye kipato kidogo. Huwatetea walipakodi dhidi ya IRS bure au kwa ada ndogo.

## Kama mwaka umeshapita

Ulijaza makato ya kawaida na sasa umegundua ulikuwa na haki ya kuorodhesha? Tumia Fomu 1040-X, ya kurekebisha ritani. Muda ni miaka mitatu tangu uwasilishe ritani, au miwili tangu ulipe kodi, ule unaochelewa zaidi. Ritani iliyowahi kabla ya siku ya mwisho huhesabiwa kama imewasilishwa siku hiyo ya mwisho. Aliyejaza ya mwaka 2022 kwa wakati, siku ya mwisho ikiwa 18 Aprili 2023, ana hadi Aprili 2026.

Rudia hatua ya 2 kwa namba za mwaka ule: makato ya kawaida ya 2022 kwa asiye na ndoa yalikuwa $12,950, chini kuliko sasa, kwa hiyo upasuaji wa wakati ule unaweza kuvuka pale ambapo wa leo ungeshindwa. Anza na mwaka ulio karibu kufungwa.